Mizani kwanza, mbolea baadaye

Nililima viazi Molo miaka sita kabla sijajua gunia langu lina kilo ngapi. Broka huja shambani na magunia yake. Likijaa, hushonewa wavu juu, viazi vikapanda kama kilemba, ndiyo maana tunaliita mukorino, kama wale waumini wavaa vilemba. Bei ni ya gunia, si ya kilo. Siku moja niliazima mizani ya duka la nafaka nikapima moja: kilo 134. Kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50.

Nilipomlalamikia broka alicheka. "Mama, usiponiuzia leo vitachipuka hapo ghalani." Na hakudanganya. Shangi, aina ya viazi tunayopanda, huiva upesi jikoni na shambani, lakini haikai. Wiki chache tu imeanza kuota. Mimi peke yangu na magunia 12, ningemtisha nani?

Basi tukaamua kuunda ushirika. Unahitaji watu wasiopungua 10. Sisi tulikuwa 14. Afisa wa ushirika wa kaunti alitusaidia kuandika sheria ndogo, hilo likapita. Vita ilikuwa kwenye pesa za kwanza za hisa: mizani au mbolea? "Mizani hailiwi," mzee mmoja alisema, na nusu ya kikao kikampigia makofi. Sisi wa mizani tulishinda kwa kura mbili.

Msimu wa kwanza ulituaibisha. Tuliahidi hoteli moja mjini Nakuru magunia 60 ya kilo 50. Usiku wa kuamkia siku ya kupakia, wenzetu watatu wakauzia broka aliyekuja na noti mkononi. Lori likaondoka na 41. Wengine walitaka wafukuzwe. Mimi nilikataa: mmoja wao alikuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo, na hoteli ilikuwa inalipa baada ya siku 30. Njaa haisubiri siku 30. Basi tukatenga fungu kwenye hisa. Siku hizi ukipima tu, unapewa nusu ya pesa zako papo hapo, nyingine hoteli ikilipa. Hotuba za umoja tulikuwa tumezitoa nyingi, lakini hii nusu ndiyo iliyowarudisha watu.

Faida nyingine sikuitarajia. Ugonjwa wa mnyauko bakteria ulikuwa unatumaliza. Ukikata shina lililonyauka ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji, unaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka. Tulikuwa tukiambukizana kwa kupeana mbegu, kwa ujirani mwema. Sasa tunachanga na kununua mbegu iliyothibitishwa kwa pamoja, na shamba lililougua halipandwi viazi wala nyanya. Ni mahindi au kabeji kwa misimu kadhaa. Kwa mwenye robo ekari hilo linauma, nakiri.

Broka yule bado yupo. Juzi alifika ghalani, akauliza bei ya kilo, kisha akainama mbele ya mizani akasoma mshale mwenyewe. Mara mbili.