Siku yangu barabarani: Benaco mpaka Kigali, wiki ya Kwibuka (kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Watutsi Rwanda, 1994)

Saa 11 alfajiri. Nimelala kwenye kebini hapa Benaco, Tanzania, karibu na mpaka wa Rwanda, tingo wangu keshaamka anagonga matairi. Chai ya rangi na chapati mbili kwa mama mmoja mtu mzima, yeye anakumbuka mwisho wa Aprili 1994, anasema hapa palikuwa maturubai tupu, watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja tu, na humo humo walikuwemo waliotoka kuua.

Saa 2. Foleni Rusumo, makaratasi, ajenti hapokei simu. Kawaida yake.

Saa 4 kasoro. Tumevuka, nahamia kulia, Rwanda ndo upande wao wa kuendesha. Chini Mto Kagera unanguruma, mwaka ule ulibeba maiti mpaka Ziwa Victoria, wavuvi wa Uganda wakawa wanazika. Tingo anaangalia maji, "braza, wale walikuwa mashetani tu." Nikamwambia dogo hapana, ingekuwa mashetani ingekuwa rahisi.

Kanisa la Nyarubuye liko huku huku Rusumo, nje ya njia yetu. Maelfu walikimbilia mle katikati ya Aprili wakauawa, na aliyekuwa bosi wa eneo hili, Sylvestre Gacumbitsi, alihukumiwa na mahakama ya UN kule Arusha, rufaa 2006 ikampa kifungo cha maisha. Kiongozi wa serikali huyo, si jambazi wa porini. Mauaji waliyaita gukora, yaani kufanya kazi. Unaamka, unachukua panga, unaenda kazini kama mimi na lori langu. Gazeti la Kangura, la Wahutu wenye chuki, lilishatoa amri kumi kwa Wahutu Desemba 1990, ya nane inasema Wahutu waache kuwahurumia Watutsi. Yaani huruma ndo imekuwa dhambi! Ukimficha jirani wewe ndo msaliti. Ubaya hauko tena kwenye unachofanya, uko kwenye ulivyozaliwa, hata mtoto mchanga ana hatia. Na anayeua anajiona analinda nchi, eti asipomuwahi yule atauawa yeye.

Saa 7. Kayonza, maduka mengi yamefungwa watu wako kwenye mazungumzo ya Kwibuka, hakuna muziki popote. Tumekula ndizi zetu kimya.

Nimefungua WhatsApp, grupu la madereva, jamaa mmoja kaandika watu wa kabila fulani ni kunguni, wapuliziwe dawa. Emoji za kucheka kibao. Nikakumbuka inyenzi, maana yake mende, ndivyo RTLM, redio iliyochochea mauaji yale, ilivyowaita Watutsi. Nikaandika futa hiyo. Nikaambiwa mzee umekuwa siriasi sana, utani huo.

Saa 11 jioni Kigali, tumepaki, bado hajafuta. Tingo kajinyoosha, "braza leo tumepiga kazi." Halafu akanyamaza, akaniangalia.