Mlima Uliopokea Wakimbizi

Kaka yangu alikuwa akifundisha Roma, ile ya Lesotho yenye chuo kikuu, na kwa miaka alikuwa akinisihi niende kumtembelea. Nilikwenda Julai 2015. Nchi ilikuwa imeshika pumzi. Wiki chache nyuma, tarehe 25 Juni, askari walikuwa wamemuua Maaparankoe Mahao, aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi. Tom Thabane, aliyekuwa waziri mkuu hadi mapema mwaka huohuo, alikuwa ameshakimbilia Afrika Kusini tangu Mei. Mama alinipigia simu kutoka Kasulu, kwetu Tanzania, akaniuliza kama ni lazima niende sasa hivi. Nikamwambia kaka yuko huko, naye anakwenda kazini kila siku.

Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Ukitoka kwa barabara, njia yoyote utakayoshika itakufikisha kwa jirani yuleyule mmoja. Kwa eneo, mkoa wetu wa Kigoma peke yake unaizidi. Lakini iko juu: hakuna kipande cha nchi ile kilicho chini ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Nilipanda teksi ya abiria kutoka Johannesburg, tukavuka daraja la Maseru juu ya mto Mohokare, ambao ng'ambo ya pili wanauita Caledon, na nilipofungua mlango baridi ikanipiga kifuani. Kaka alikuwa ananingoja na blanketi mkononi. Kule blanketi la sufu ni vazi. Mzee hulivaa kwenda kanisani, kijana hulivaa akichunga, bibi harusi hulivaa. Alinifunga mabegani, akalibana kwa pini kubwa, akasema, "Mdogo wangu, kesho nakupeleka Thaba Bosiu. Mengine utayaona baadaye."

Thaba Bosiu haiko mbali na Maseru, mwendo wa gari usiofika saa moja. Ukiitazama kutoka chini huoni kilele cha kuchongoka. Ni mlima wa juu bapa uliozungushiwa kuta za mawe zilizosimama wima, na njia za kupandia ni chache. Pembeni yake kuna kilima cha Qiloane, ambacho watu wanasema ndicho kilichotoa umbo la mokorotlo, ile kofia ya majani ya Wasotho iliyochorwa hata kwenye bendera yao. Tulipewa kiongozi, mzee mwembamba mwenye fimbo, ambaye kaka alimwita Ntate, yaani baba kwa Kisotho, nami nikafuata. Tulipanda kwa njia ya Khubelu. Nyasi zilikuwa zimekauka zote, rangi ya kahawia mpaka upeo wa macho, na mashamba ya mahindi chini yalikuwa yamebaki mabua.

Mzee hakuwa na haraka. Alisimama pale njia inapobana akatueleza kwamba Moshoeshoe, mwasisi wa taifa la Wasotho, alifika hapa mwaka 1824 akiwa na watu wake, wakitoka Butha-Buthe kaskazini. Ilikuwa miaka ya lifaqane, vita na njaa vilivyovuruga sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika, koo zikifukuzana, watu wakiacha mifugo na mazao na kutembea bila kujua waendako. Safari ile ilikuwa ya majira ya baridi kama haya. Njiani, wale waliokuwa wamefikishwa na njaa mahali pa kula watu walimkamata babu yake Moshoeshoe, mzee Peete, aliyekuwa amebaki nyuma kwa uzee. Wakamla.

Baadaye watu wale walikamatwa wakaletwa mbele ya Moshoeshoe. Wazee walitaka wauawe. Yeye akasema matumbo yao ndilo kaburi la babu yake, na kaburi la mzee halivunjwi. Akaamuru wafanyiwe tambiko la utakaso kama linavyofanywa kaburini, kisha akawapa mifugo na mahali pa kukaa.

Nilikaa juu ya jiwe. Ntate akadhani nimechoka.

Mimi nilikuwa mtoto Kasulu Oktoba 1993, baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Bujumbura, watu walipoanza kuvuka mpaka. Nilikuwa sijawahi kuona watu wazima wakitembea kimya kwa wingi namna ile. Mama alipika sufuria kubwa ya maharage akaiweka nje, na alipoishiwa alipika nyingine. Baadhi ya majirani walinung'unika: hawa wametoka kuuana, unajuaje unayemlisha ni nani? Neno lile lilinikaa miaka yote. Sikuwahi kupata jibu lake shuleni wala kanisani. Na sasa nilikuwa nimekaa mlimani, mbali na kwetu, nikisikia habari za mtu aliyejua kabisa anayemlisha ni nani, na bado akamlisha.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa taifa la Wasotho. Moshoeshoe hakuwa na ukoo mkubwa. Alipokea waliotawanyika, wa koo tofauti, akawaweka chini ya mlima huu mpaka wakawa watu wamoja. Wandebele wa mfalme Mzilikazi walipokuja kushambulia mwaka 1831 wakashindwa kupanda, aliwapelekea ng'ombe ili wapate chakula njiani wakirudi. Nadhani vitabu vyetu vya historia, vinavyojaza kurasa kwa majemadari, vingefaa kumpa mtu huyu nafasi kubwa zaidi.

Juu kabisa kuna kaburi lake, mawe yamerundikwa, na jirani yake wamelala wafalme waliomfuata, pamoja na Moshoeshoe II aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1996. Kuna magofu ya nyumba za mawe, na chemchemi iliyowafanya waweze kuvumilia kuzingirwa. Mwaka 1865 makaburu wa Orange Free State, jamhuri yao ng'ambo ya Mohokare, walijaribu kupanda kwa ileile Khubelu, na kamanda wao Louw Wepener akauawa njiani. Mlima haukutekwa. Lakini ardhi ya chini ilikwenda. Ntate alinyoosha fimbo magharibi, ng'ambo ya Mohokare, kwenye tambarare nzuri ya ngano. "Ile yote," alisema. Moshoeshoe aliomba ulinzi wa Waingereza, akaupata 1868, na miaka miwili baadaye akafariki.

Tulikula mkate aliofunga shemeji yangu, tukiwa tumekinga upepo kwa ukuta wa gofu. Hapo ndipo Ntate alipotusimulia Desemba 1982. Alikuwa kijana, akiishi Maseru. Usiku makomandoo wa Afrika Kusini waliingia mjini, wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta wakimbizi wa ANC, chama kilichopigana na ubaguzi wa rangi. Walikufa watu 42, wakimbizi 30 na Wasotho 12. Januari 1986 Afrika Kusini ikabana mipaka, na kabla mwezi haujaisha serikali ya waziri mkuu Leabua Jonathan ikapinduliwa na wanajeshi. Nchi isiyo na bahari wala jirani wa pili iliwahifadhi wakimbizi wa jirani huyohuyo anayeizunguka. Sisi Tanzania tulikuwa na Mazimbu pale Morogoro, makazi na shule ya wakimbizi wa ANC, tulifanya yetu na ninajivunia, lakini makaburu walikuwa mbali nasi. Kwa Wasotho walivuka mto tu.

Habari za Mahao nilimuuliza Ntate mara moja. Alitazama kaka, kisha akajibu kwamba mlima huu umeona Wasotho wakikimbilia kwake, na sasa wanakimbia kwenda ng'ambo. Hakuongeza.

Akaniuliza ninatoka wapi hasa. Nilipomweleza Kasulu iko wapi, na kwamba tangu Mei watu wanavuka tena kutoka Burundi, akageuka akaketi vizuri. Alitaka kujua kila kitu. Nikamwambia juu ya Kagunga, ufukwe mwembamba wa Ziwa Tanganyika uliojaa maelfu ya watu mpaka kipindupindu kikaingia, na meli kongwe ya MV Liemba iliyowabeba kwenda Kigoma mjini. Mama alikuwa ameniambia mabasi yanapita kila siku kuelekea kambi ya Nyarugusu. Wanakula nini? Kuni wanapata wapi? Wenyeji hawagombani nao? Nikamjibu ukweli, kwamba wanagombana, hasa kwa ajili ya kuni.

"Na ardhi? Mliwapa?"

Hapo kaka ndiye aliyejibu. Warundi waliokimbia mwaka 1972, alisema, walipewa mashamba kule Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakazaa, na mwaka jana serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya 160,000. Ntate akamwomba arudie idadi. Lesotho nzima ina watu milioni mbili tu. Akatoa daftari dogo mfukoni, akanipa kalamu niandike majina ya yale makazi matatu, maana wageni wengine wangekuja kesho na alitaka kuwasimulia. Nilipomaliza akasoma kwa sauti, akarekebishwa na kaka kwenye Ulyankulu, akasema niongeze na Kasulu.