Skrini kupepesa kwenye Hz 144: nilitafuta mwizi mmoja kumbe wako wawili

Laptop yangu ni ya Hz 144, yaani skrini inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde, na nilikaa nayo karibu mwaka bila shida, halafu siku moja naandika tu vitu vya kawaida, wala si gemu, skrini ikapepesa. Mara moja tu, kama mtu kapita mbele ya taa. Nikasema ni macho yangu yamechoka. Baada ya wiki ikawa mara kumi kwa saa, na siku nyingine inaniletea vimistari vyeupe vyembamba vinakatiza skrini halafu vinapotea kabla hata sijashika simu kuvirekodi.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, nikaingia setingi za Windows, System, Display, Advanced display, nikashusha rifreshi reti mpaka 60. Ikatulia. Au niseme niliona kama imetulia, maana hapo ndo nilipojidanganya wiki tatu nzima. Nilijiaminisha kwamba kama 60 iko poa na 144 inapepesa basi kioo hakina ubovu, waya wake hauna ubovu, hii ni softwea tu, nikipata draiva nzuri (programu inayoendesha kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha) yataisha yenyewe. Hesabu hiyo haiko sawa, nitafika huko.

Nikaanza kupambana na draiva. Kwanza kuna kile kijaribio cha Task Manager, unabonyeza Ctrl na Shift na Esc, ikifunguka unaangalia skrini ikipepesa nayo inapepesa au imetulia yenyewe tu. Kama vingine vyote vinacheza ila yenyewe imetulia, kuna programu inaleta fujo. Kama nayo inacheza, angalia draiva. Yangu ilicheza nayo, kwa hiyo nikaona nipo njia sahihi kabisa, nikaapdeti draiva, haikusaidia, nikarudisha ya zamani, haikusaidia, nikaingia safe mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) nikaifuta yote kwa Display Driver Uninstaller nikaweka upya safi kabisa. Siku mbili kimya, nikasherehekea. Siku ya tatu vimistari hivyo hapo vinanisalimia.

Mengine nitapita haraka. Nilizima ile setingi ya rifreshi reti kupanda na kushuka kufuata gemu, kwa sababu vioo vya aina ya OLED na VA vina tabia ya mwanga kuyumba pale fremu zinapopanda na kushuka, lakini changu ni cha aina nyingine, IPS, na mimi nilikuwa naandika, sichezi gemu, kwa hiyo hapo nilipoteza muda tu. Nikajaribu pia ishu ya mwanga, kuna vioo ambavyo ukipunguza mwanga taa yake inawaka na kuzima kwa kasi, na ukikiangalia kwa kamera ya simu unaona mikanda ya giza inatembea. Changu kilipepesa vilevile hata mwanga ukiwa juu kabisa. Siyo hiyo.

Kilichonitoa ni kikaratasi. Nilichoka kubahatisha nikaweka karatasi pembeni ya laptop na kila ikipepesa naandika: chaja imechomekwa au betri, nafanya nini, Hz ngapi, na imepepesa kwa namna gani. Siku nne tu. Ile karatasi nilipoisoma jioni ya siku ya nne nikacheka mwenyewe, kwa sababu ilikuwa wazi kabisa kwamba kuna vitu viwili tofauti na mimi nilikuwa navihesabu kama kimoja.

Cha kwanza: skrini nzima inapepesa mwanga mara moja, siku zote ni kwenye betri, siku zote ni baada ya kutulia sekunde kadhaa sijagusa kitu halafu nikagusa kibodi au mausi. Nikiangalia video haiji kabisa. Na, hapa ndo pa kushangaa, ilikuwepo hata nikiwa 60! Nilikuwa tu sijaitilia maanani kwa sababu nilishaamua moyoni kwamba 60 iko salama.

Cha pili: vile vimistari vyeupe. Chaja au betri vyote sawa, video au maandishi vyote sawa, ila ni kwenye 144 peke yake. Na mara tano kati ya sita nilizoandika, pembeni nilikuwa nimeandika "nimetoka kuihamisha" au "nimesogeza kifuniko".

Yule mwizi wa kwanza alikamatika ndani ya dakika kumi. Kuna kitu kinaitwa Panel Self Refresh, ni cha kubana betri. Picha ikiwa imetulia haibadiliki, kadi ya grafiki inaacha kutuma picha mpya na kioo kinajionyesha picha ile ile kutoka kwenye kimemori chake chenyewe. Ukigusa kibodi, kadi inaamka na inabidi ilingane tena na kioo, na kama hapo hawajapatana vizuri ndo unaona skrini inashtuka. Inaelezea kila kitu, kwa nini ni betri tu, kwa nini siyo kwenye video. Nikaingia programu ya kadi ya grafiki, sehemu ya umeme na betri, nikaizima. Kwenye Linux kwa wenye grafiki za Intel unaongeza i915.enable_psr=0 kwenye mstari wa kuwashia keneli (kiini cha mfumo wenyewe). Betri inaliwa zaidi kidogo, sawa, ikaliwe.

Wa pili ndo alinitoa jasho. Nilifungua picha ya kijivu tupu ikajaza skrini yote, nikarudisha 144, nikaanza kufungua kifuniko taratibu sana kama mtu anafungua mlango usiku watoto wamelala. Kikiwa kimefunguka kidogo, safi. Nikafika pale ambapo huwa nakiacha nikiwa mezani, vimistari. Nikapita kidogo, safi tena. Nikarudi, vimistari. Mkono ukiacha, vinabaki. Nikachomeka monita ya nje kwa HDMI, skrini ya laptop inatoa vimistari na monita imetulia tuli. Basi kadi ya grafiki haina kesi, amebaki waya au kioo, na kwa vile vimistari vinafuata mkunjo wa kifuniko, mimi nikamkamata waya.

Sasa kwa nini 60 ilikuwa poa? Piga hesabu. Picha ya 1920 kwa 1080, kila nukta biti 24, mara 60 kwa sekunde, ni kama gigabiti 3 kwa sekunde. Mara 144 ni zaidi ya gigabiti 7. Waya ni ule ule mmoja unaopita kwenye bawaba na kukunjwa kila ukifungua na kufunga. Mwenye goti bovu akitembea humjui, mwambie akimbie.

Nikazima, nikafungua kifuniko cha chini, nikachomoa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Hili msilichukulie poa, kwenye soketi ile ile ya waya wa kioo unapita umeme wa taa ya nyuma, ukichomoa na kuchomeka betri ikiwa imeunganishwa unaweza kuunguza fyuzi ya taa kwenye ubao na hapo utakuwa umejitafutia kazi nyingine kubwa zaidi. Kichwa cha waya kina kijichuma kama kishikio, unakiinua kwanza, ndo unachomoa taratibu, usivute kwa nyaya. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena vizuri. Vimistari vikapungua lakini havikuisha. Basi nikafungua fremu ya kioo kwa kadi ya plastiki (kipini kimoja kilivunjika, ndo maana fremu ina pengo dogo kona ya kushoto mpaka leo) nikaufuata waya mpaka kwenye bawaba, na pale pale unapojikunja ile ngozi nyeusi ilikuwa imesuguka mpaka inang'aa, na kauzi kamoja kanaonekana.

Kununua waya mpya kuna mtego. Laptop nyingi zinatoka kwa umbo moja ila moja ya Hz 60 na nyingine ya 144, na waya zake hazifanani, ya 60 kwa kawaida ina pini 30 na ya kasi ina pini 40. Ukitaja jina la laptop tu unaweza kuletewa ya 60. Mimi nilisoma namba iliyoandikwa kwenye kile kilebo cha waya wa zamani, nikatafuta namba ile ile herufi kwa herufi, ulipofika nikahesabu pini kabla sijafunga hata skrubu moja.

Nikawasha, picha ya kijivu, 144, nikafungua na kufunga kifuniko labda mara thelathini, nikakiacha pale pale kwenye ile sehemu yake mbaya nikaenda kuoga. Nimerudi, kijivu tupu.

Miezi miwili baadaye draiva ikajiapdeti yenyewe, niko kwenye betri nasoma kitu, nikagusa mausi na skrini ikashtuka. Moyo ukanipasuka kwa sekunde moja, halafu nikaona hakuna vimistari, nikaenda moja kwa moja kwenye setingi ya betri na nikakuta apdeti imeiwasha tena. Nikaizima, nikaendelea kusoma.