Nyumba Tuliyoikataa Bowling Green

Mwanzoni mwa mwaka 2019 mwenye fleti tuliyokuwa tumepanga mjini Bowling Green, katika jimbo la Kentucky, alipandisha kodi kwa mara nyingine, na mimi na mke wangu tukakubaliana kwamba fedha hizo, maadamu ni za kutoka kila mwezi, afadhali zitoke kwa ajili ya nyumba yetu wenyewe. Kwa kipimo cha Marekani mji huo ni mdogo, una watu 70,000 na ushei, lakini kwetu sisi tuliotoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ulikuwa na karibu kila tulichokihitaji: kazi za viwandani zisizodai Kiingereza kingi, ibada ya Kiswahili siku ya Jumapili, na Wabosnia waliotutangulia kuja kama wakimbizi katika miaka ya 1990, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kununua nyumba. Mmoja wao, niliyekuwa nikifanya naye kazi zamu ya usiku, ndiye aliyenitoa woga wa benki. Alinieleza kwamba kabla ya kuuliza bei ya nyumba niulize kwanza mkopo gani unakubalika mahali nyumba ilipo.

Nilipokwenda benki nilimwelewa. Ule mkopo wenye dhamana ya serikali unaojulikana kwa herufi FHA humtaka mnunuzi atoe kianzio cha asilimia 3.5, yaani kwa nyumba ya dola 118,000 tungepaswa kuwa na dola 4,130 mkononi, mbali na gharama za kufunga mauzo. Kulikuwa na mkopo mwingine usiodai kianzio hata senti moja, nao hudhaminiwa na Wizara ya Kilimo. Nilishangaa wizara ya mahindi na ng'ombe inatafuta nini kwenye mikopo ya nyumba, hadi nilipoambiwa kwamba mpango huo ni wa kuwafaa watu wa vijijini na wa miji midogo, na kwa sababu hiyo ndani ya Bowling Green yenyewe hautolewi. Basi ramani ikagawanyika mbele yetu: ama tubaki mjini tukitafuta mtaa wa bei ya chini kabisa, ama tutoke nje ya mji bila kianzio.

Mke wangu alitaka tubaki. Tukampata dalali, mama wa makamo mzaliwa wa huko huko, mpole, mwenye kusema polepole ili tumfuate. Nilimwuliza swali ambalo kwetu mtu yeyote angelijibu bila kufikiri: mtaa gani una watu wetu wengi, na mtaa gani ni mzuri? Akatabasamu, akasema hilo haruhusiwi kulijibu. Sheria ya mwaka 1968, iliyotiwa saini wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, inamkataza dalali kumwelekeza mteja mtaa kwa kuangalia rangi, dini au nchi aliyotoka. Alichoweza kutushauri ni kwamba tuende wenyewe, mchana na usiku, tujionee. Wakati ule niliona ananinyima msaada. Nilipokuja kuelewa jinsi madalali wa zamani walivyokuwa wakiwarundika watu weusi katika mitaa michache, niliiheshimu ile kimya yake.

Nyumba iliyotuvutia ilikuwa ya vyumba vitatu, imepakwa rangi upya, zulia jipya, na bei yake ilikuwa chini kuliko zote tulizoziona mjini. Tulikwenda kuitazama asubuhi moja ya mwezi Februari baada ya mvua kubwa. Barabara ya mtaa ule iliteremka kutoka pande zote mbili, na nyumba yetu, kama nilivyokwisha kuanza kuiita, ilikuwa mahali miteremko miwili inapokutana. Mimi nilikuwa jikoni nikifungua makabati. Mke wangu alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba, nikamsikia akiita.

“Baba watoto, njoo uone. Mbona mashine yao ya hewa imepandishwa, na za majirani zimewekwa chini?”

Kweli, mtambo wa kiyoyozi ulikuwa umeinuliwa juu ya matofali ya saruji hadi usawa wa magoti. Pale pale, kwenye ukuta wa matofali mekundu, ulipita mstari wa udongo wa kahawia, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Fomu ambayo muuzaji hujaza kueleza hali ya nyumba ilikuwa na swali kuhusu mafuriko, naye alikuwa ameandika kwamba hajui, kwa kuwa hakuwahi kuishi humo.

Mzee mmoja wa nyumba ya juu ndiye aliyetufafanulia. Bowling Green imejengwa juu ya mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji, na chini ya mji kuna mapango. Hata Februari ya 2014 sakafu ya makumbusho ya magari ya Corvette ilizama na kumeza magari manane. Maji mengi ya mvua ya mji huteremkia kwenye mashimo ya asili na visima vilivyochimbwa kuelekea mapangoni, na mvua ikizidi uwezo wa mashimo, bonde lote hugeuka bwawa. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, hivyo bima nyingine ingepaswa kuongezwa juu ya marejesho ya kila mwezi, na ile nafuu ya bei ingeishia huko. Nyarugusu hakuna aliyesimamisha ukuta wa tofali za udongo kabla ya kutazama njia ya maji. Tulimshukuru dalali, tukamwambia hapana.

Tukaelekea kusini, Franklin, mji wa watu wapatao 10,000 karibu na mpaka wa Tennessee, mwendo wa nusu saa hivi. Huko mkopo wa Wizara ya Kilimo ulikubalika. Nyumba tuliyoipata ilikuwa ya zamani, jiko lake dogo, paa lake likiwa limebakiza miaka michache tu kabla ya kubadilishwa, lakini ilikaa juu ya mwinuko. Tulikwenda kuitazama mvua ikinyesha, kwa makusudi, tukasimama uani na miamvuli yetu hadi majirani wakachungulia madirishani. Bei ilikuwa dola 118,000. Ada ya dhamana, asilimia moja, iliongezwa ndani ya mkopo, na marejesho ya mwezi, pamoja na bima na kodi ya jengo, yakawa pungufu kidogo ya ile kodi ya fleti iliyopandishwa.

Mke wangu alitia saini pamoja nami, ila hakuacha kunikumbusha kwamba kanisa limebaki Bowling Green. Kila Jumapili, tukiingia barabara kuu ya I-65, huuliza tumeweka petroli ya shilingi ngapi, kwa maana mpaka leo dola huziita shilingi anapotaka kugombana.