Haya, Umeshinda

Juzi kwenye kundi la ukoo imewekwa tanzia. Watu wakaandika innalillahi mmoja baada ya mwengine, mpaka ikafika zamu ya shangazi: emoji tano za kile kiuso kinachocheka mpaka machozi yanatoka. Yeye kaona machozi tu. Nilitaka kumpigia simu afute, nikaikumbuka khitma ya babu kule Wete, nikaona sina uso wa kumsahihisha mtu.

Babu na yule jogoo walikuwa hawapatani. Jogoo akiwika saa tisa za usiku, babu anatoka na bakora. Akirudi anaapa: "Mimi na wewe, tutaona nani atamzika mwenzake." Kila usiku kiapo kile kile. Jogoo hakuchinjwa (kisingizio hakikukosekana), babu akatangulia.

Khitma ikasomwa siku ya tatu. Wanaume msikitini, sisi ndani kwenye mikeka, kila mtu na juzuu yake, ubani unafuka mpaka macho yanawasha. Bibi yuko chumbani nyuma ya pazia, eda yake ya miezi 4 na siku 10 ndiyo kwanza inaanza. Nyumba nzima inavuma kama mzinga wa nyuki. Mara jogoo akaingia kwa mlango wa uani. Hana haraka. Akapita katikati ya mikeka akinyanyua mguu mmoja mmoja, kama anayeogopa kukanyaga nguo za watu, akafika kwenye kiti cha babu, akaruka juu, akajikung'uta, akawika.

Mvumo ukakatika. Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya bibi, taratibu:

"Haya, umeshinda."

Niling'ata upindo wa kanga. Mama mkubwa kainamia juzuu, mabega yanamtikisika. Nikamtazama, na hapo ndipo nilipokosea. Binamu zangu nao wakaanza. Mgeni mmoja wa Mkoani, aliyekaa karibu na mlango, alipoyaona mabega yale akaja kutukumbatia. "Subirini wanangu, ndiyo njia yetu sote." Mkono wake mgongoni ndio ulionimaliza. Nikatoa sauti ambayo mpaka leo sijui niiite nini, naye akalia kwa kunionea huruma.

Nimepata kusoma habari za Robert Provine, mwanasayansi wa Marekani aliyekuwa akiwasikiliza watu wanavyocheka madukani na njiani. Aliona vicheko vingi havifuati mzaha wowote, hufuata maneno ya kawaida tu, na kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka mara 30 zaidi kuliko akiwa peke yake. Labda ndiyo maana hadithi hii nimewasimulia wengi hapa mjini na hawacheki. Huniuliza, "Halafu?"

Halafu usiku, wageni walipoondoka, nikaingia kwa bibi. Macho mekundu.

"Bibi, kule ndani ulikuwa ukilia au ukicheka?"

Akanitazama.

"Jogoo keshapewa maji?"