Jumatano Mbili Kati ya Singapore na Newark

Kutoka uwanja wa Changi, Singapore, hadi Newark, jirani na New York, ni kilomita zipatazo 15,300, na njia fupi kuliko zote inapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini. Sisi hatukuisogelea. Tulipaa usiku wa Jumanne mwezi Januari, saa sita ikikaribia, na ndege ikashika kaskazini-mashariki kuelekea Japani, kisha ikaingia Pasifiki.

Kwa nini mtu azunguke na njia fupi anaijua? Jibu nililiona kwenye skrini iliyo mbele ya kiti changu. Tulipoipita Japani, kasi yetu ilizidi kupanda: kilomita 980 kwa saa, 1,050, hatimaye 1,130, ilhali ndege yenyewe huikata hewa kwa kama 900 tu. Kinachozidi hapo ni upepo. Huko juu, kilomita kumi na ushee kutoka ardhini, unavuma mkondo mkali wa kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huongezeka nguvu. Rubani akiupata mgongoni, hata akiongeza kilomita mia kadhaa atafika mapema kuliko aliyeshika njia fupi. Kwa hiyo anayeuliza umbali wa safari ya anga aulize na upepo unavuma wapi.

Ndege yetu ilikuwa Airbus A350-900ULR, ambayo Singapore Airlines waliirusha kwenye njia hii kwa mara ya kwanza Oktoba 2018. Inabeba hadi lita 165,000 za mafuta, na ndiyo maana viti ni 161 tu. Wakati wa kupaa niliutazama ubawa ukipinda juu taratibu, ukiuinua mzigo wote ule.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni jua. Jumatano ilitupambazukia juu ya bahari, nami nikafungua kidirisha nikidhani mchana ndio umeanza. Kwa vile tulikuwa tunalikimbilia jua lilikotokea, mchana wote uliisha kwa saa kama sita hivi. Katikati yake tulivuka mstari wa tarehe, ule wa kufikirika katikati ya Pasifiki ambapo anayekwenda mashariki hurudi nyuma siku moja, tukarudi Jumanne. Jua likazama, giza likaingia, na mahali fulani juu ya Amerika ya Kaskazini, abiria wengi wamelala, Jumatano ikaanza upya.

Tulitua Newark alfajiri, bado giza, baada ya saa zipatazo 18 hewani. Mwili ulikuwa jioni, maana huku saa ziko nyuma kwa 13. Nililala mchana kutwa.

Wakati wa kurudi nilitarajia tuifuate njia ileile. Haikuwa hivyo. Tulivuka Atlantiki, tukapita Ulaya na kushuka kusini mwa Asia, upepo ukiwa mgongoni tena. Singapore hadi Singapore, safari nzima kuelekea mashariki: nilikuwa nimeizunguka dunia.