Kitanda cha kamba, ndoo ya maranda na ufunguo wa gari

7 Juni, Jumamosi

Leo nimefungua daftari jipya, na kazi yake ni moja: mke wangu alale hemani, nje ya mji, na asubuhi aamke hana kinyongo na mimi.

Februari ya mwaka juzi nilimpeleka ufukweni upande wa Kigamboni na hema la watu wawili nililolichagua kwa bei, mkeka mmoja na shuka mbili. Februari ya Dar mnaijua. Joto halishuki hata saa nane za usiku, na upepo wa kaskazi ukilala, umelala. Saa saba alitoka hemani, akaingia kwenye gari, akawasha kiyoyozi, akajikunja kwenye kiti mpaka kukakucha. Tangu siku hiyo likitajwa neno hema anainuka, anakwenda kuangalia kitu jikoni.

Ningeweza kwenda na marafiki, wapo na wanapenda. Lakini kuna wakati wa alfajiri, ngalawa zinapotoka na bado hakuna mtu anayeongea, ambao nimeuona peke yangu mara nyingi, na kila mara nimetamani awepo.

Kwa hiyo jana usiku nilimwomba aniambie kilichomkera, chote. Mimi nitaandika na sitamjibu.

"Baba watoto, mimi nimekulia Newala," akaanza. "Maji nimeyafuata bondeni, ndoo kichwani, mpaka nimemaliza shule. Chini nimelala sana, kuni nimekata sana. Nimekuja mjini nimepata kitanda na bomba liko ndani. Halafu unanitoa Kinyerezi, tunachoma mafuta ya gari, ili nikalale chini?"

Anayeijua Newala anajua hajatia chumvi. Uwanda wa Makonde uko juu, ardhi yake inameza mvua, maji yanatokea huko chini mabondeni.

Akataja moja moja. Nilikuwa nimejiandaa aanze na mbu. Alianza hivi: "Nilipika mara tatu, nimechutama, moshi machoni, wewe uko majini unaogelea." Likafuata la choo. Kisha kulala chini, kisha joto. Mbu walikuwa wa tano, na mwisho hofu, kwamba yeyote angeweza kupita pale usiku akatukuta tumelala nyuma ya kitambaa.

Nilikuwa na orodha yangu ya kwenda nayo Kariakoo leo. Nimeiweka kando, kwa sababu hilo la kwanza halipo dukani.

8 Juni, Jumapili

Tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, jiko la kambini ni langu, kuanzia kuwasha moto hadi kuosha sufuria. Yeye ni mgeni. Akacheka: "Mgeni siku mbili, eti? Siku ya tatu usije ukanipa jembe." Nikamwambia tunakwenda usiku mmoja tu.

La pili, ufunguo wa gari unakaa kwake. Akisema turudi, hata iwe saa tisa usiku, tunafungasha, hakuna swali wala kununiana njiani. Niliposema hilo nilimwona mabega yakishuka. Daraja la Nyerere lipo, hakuna kungoja pantoni usiku. Toka 2016 hilo ndilo limeifanya Kigamboni kuwa mahali mtu anaweza kubadili mawazo akarudi nyumbani.

14 Juni, Jumamosi

Kitanda.

Godoro la kujaza upepo nililifikiria nikaliacha. Hilo linalala chini vilevile, na neno la mke wangu lilikuwa "chini", hakusema "pagumu". Basi nimekwenda mtaa wa Gerezani, fundi akanichomelea fremu ya skwea paipu ya inchi moja, futi 4 kwa 6, miguu minne ya sentimita 35 inayofunguka kwa bolti ili fremu ilale bapa juu ya keria ya gari letu, IST. Chini ya kila mguu akachomelea kibati cha mraba, kwa sababu mguu mtupu kwenye mchanga ungezama.

Chaga za mbao nilizikataa. Zina uzito, na nilikuwa na wazo jingine: kitanda kiwambwe kamba, kama vile vitanda vya zamani vya pwani. Kwenye joto letu kitanda cha kamba hakina mpinzani, hewa inapita chini ya mgongo wako usiku kucha. Kuna mzee Mbagala bado anawamba. Nilimpelekea kamba ya manila roli mbili, nikakaa naye kutwa nzima. Anaanzia kona, anapitisha juu, chini, juu, chini, na kila mistari mitano anasimama, anaweka goti kwenye fremu na kuvuta mpaka kamba inalia. Aliniambia nisikilalie siku mbili za kwanza, nikivute tena siku ya tatu, kwa kuwa manila mpya inalegea baada ya kuvutwa. Nimefanya hivyo na kweli ilikuwa imelegea, kwenye kona ya miguuni zaidi.

Juu yake godoro la inchi 4. Jembamba, linakunjika na kuingia nyuma ya gari. Nyumbani tunalalia inchi 8, lakini kamba inabonyea, kwa hiyo inchi 4 zinatosha.

Nilipokiingiza uani mke wangu alikuwa anafua. Akafuta mikono, akakigusa. "Bibi alikuwa nacho hiki," akasema, kisha akarudi kwenye beseni. Nimeandika maneno hayo kama yalivyo.

21 Juni, Jumamosi

Hema jipya, la watu wanne, ili kitanda kiingie na pabaki pa kusimama. Nimelisimamisha uani. Kosa la kwanza limetokea dakika ile ile: kona ya kibati imetoboa sakafu. Nimeziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na solusheni, halafu nikakata ndala kuukuu na kubandika soli chini ya vibati vyote vinne. Sasa kitanda kinasukumwa bila kukwaruza.

Joto ndilo lililonichukua muda. Hema hizi nyingi zimebuniwa kwa nchi za baridi. Lile koti la nje ni la kuzuia mvua na upepo, lakini linatunza pia joto la miili, na hapa Dar hicho ndicho hatutaki. Nimetundika kipimajoto ndani. Saa nne usiku, koti likiwa juu na mimi nimelala ndani: nyuzi 29, na kitambaa kina matone kwa ndani kutokana na pumzi yangu. Nikavua koti, likabaki hema la ndani lenye wavu, nikatandaza turubai juu yake, nusu mita hewani, pande zote wazi. Baada ya saa moja: 26. Nje ilikuwa 25.

Kwa hiyo koti la hema linabaki nyumbani, turubai ndilo paa letu. Hii ni kwa kiangazi tu, masika ni habari nyingine. Mlango utatazama kusini mashariki. Miezi hii upepo ni kusi, nao hauchoki.

28 Juni, Jumamosi

Choo. Mahali tutakapokwenda pana choo kizuri, lakini nilipotembelea kupaona nilihesabu hatua 140 kutoka mahali pa hema, na hakuna taa. Mke wangu hatembei hatua 140 gizani, na simlaumu.

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, kifuniko cha choo cha plastiki juu yake, mfuko mgumu ndani, na salfeti moja ya maranda kutoka kwa maseremala wa Keko. Kila ukimaliza unamwaga maranda vikombe viwili. Yananyonya majimaji na kufunika, na harufu inakatika. Nimeijaribu siku nzima juani, nyuma ya nyumba, kabla sijamwonyesha.

Kibanda chake ni nguzo nne na khanga nne. Nilijivunia mpaka usiku, yeye alipoingia na taa ya sola, mimi nikiwa nimesimama nje. Niliona kivuli chake chote kwenye khanga, mpaka vidole. Fikiria ingekuwa ufukweni na watu wengine! Alipotoka nilimwambia. Akanitazama kwa muda. "Ungeniambia hukohuko ungeona," akasema.

Suluhisho ni rahisi: taa inakaa nje, juu ya nguzo ya mlangoni, inamulika chini. Ndani panapata mwanga wa kutosha na kivuli hakiangukii kitambaa. Na khanga nimebadilisha, nimeweka turubai la bluu, khanga zimebaki kwa ndani kwa sababu amezipenda pale.

12 Julai, Jumamosi

Maji ya kuoga. Bomba la kupulizia dawa shambani, la lita 16, jipya kabisa halijaguswa na dawa, nimelipaka rangi nyeusi na kubadilisha kichwa chake kwa kichwa cha bafu. Likikaa juani toka asubuhi, saa kumi jioni maji ni ya moto kabisa. Unapampu mara kumi na tano, unaoga ukiwa umesimama. Ameoga nalo uani, akalisifu mwenyewe bila kuulizwa.

26 Julai, Jumamosi

Jana tumelala uani, usiku mzima, na chandarua chenye dawa kimetundikwa juu ya kitanda ingawa hema lina wavu. Wavu unafunguliwa mtu akitoka, na anofelesi, mbu wa malaria, anahitaji mlango mmoja tu. Dawa ya mbu ya kuchoma haiingii hemani, hilo nimelikataa kabisa, moshi na moto kwenye kitambaa hapana.

Saa kumi alfajiri alisema mgongo una baridi. Sikuwa nimewaza kwamba hewa ileile inayopita chini ya kamba, Julai inaweza kuzidi. Nimeongeza mkeka kati ya kamba na godoro. Mkeka uliomfukuza mwaka juzi sasa una kazi yake.

8 Agosti, Ijumaa, Nane Nane

Watoto kwa bibi yao Ukonga. Tumepita darajani, Mjimwema, Gezaulole, mpaka eneo lenye uzio na mlinzi. Nimemtambulisha mke wangu kwa mlinzi, wakasalimiana, akamwonyesha anapokaa usiku. Hiyo dakika moja imefanya kazi ambayo kufuli ya zipu isingeifanya.

Kesho mwezi ni mpevu, kwa hiyo ni bamvu, maji makubwa. Maji yanakupwa mbali sana mchana, na mtu mgeni na bahari anaweza kudhani ufukwe wote ule ni wake. Kwenye bamvu upande huu bahari inajaa kama saa kumi, jioni na usiku. Nilitafuta mstari wa mwani mkavu wa juu kabisa, nikaupita hatua thelathini, na nikakwepa minazi, nazi ikidondoka haichagui. Vigingi kwenye mchanga havishiki, kwa hiyo kila kamba nimeifunga kwenye salfeti iliyojaa mchanga, nikaifukia kwa kulala, kina cha mkono hadi kiwiko. Kusi imevuta turubai jioni yote, hakuna hata moja iliyong'oka.

Jiko: mtungi wa gesi wa kilo 6, meza ya kukunja, nimesimama. Upepo ulikuwa unaupiga moto mpaka maji ya wali yakakataa kuchemka. Nikahamia nyuma ya gari na kukata debe kuwa kizuizi cha pande tatu. Aliinuka mara mbili kuja kusaidia, mara mbili nikamrudisha kwenye kiti. Mara ya tatu hakuinuka, alikuwa anaangalia bahari.

9 Agosti, Jumamosi

Saa kumi usiku niliamka kwenda kuangalia maji. Kitanda upande wake kilikuwa kitupu. Gari lilikuwa giza, nikaenda mpaka dirishani: hakuwemo. Moyo ulinipiga.

Alikuwa amekaa kwenye mchanga, amejifunika khanga begani, mbele kidogo ya hema. Mwezi ulikuwa mweupe kiasi kwamba niliona ufunguo wa gari umefungwa kwenye pindo la khanga. Maji yalikuwa yamefika kwenye mwani mkavu, yamesimama hapo hapo, yanagusa na kurudi.

"Yanasogea tena?" akauliza.

Nikamwambia hapana, sasa yanaanza kutoka. Akasogea nikae. Nilikuwa nimeacha chai ya tangawizi kwenye chupa toka jioni, nikaileta. Hatukuongea. Ilipokaribia saa kumi na moja na nusu ngalawa ya kwanza ikatoka, tanga bado limekunjwa, mtu mmoja anasukuma kwa upondo.

Mchana nimenunua changu wanne kwa wavuvi, nimewachoma. Saa tisa nikaanza kulegeza kamba za turubai. Akaniuliza nafanya nini. Nikasema tunafungasha, makubaliano ni usiku mmoja.

"Kesho," akasema, akageuza ukurasa wa gazeti lake.

10 Agosti, Jumapili

Nimeamshwa na harufu ya vitunguu. Alikuwa nyuma ya gari, ameshika kikaango, debe langu amelisogeza upande mwingine na moto haupepei hata kidogo. Nikamkumbusha makubaliano.

"Leo siku ya tatu," akanijibu. "Kaa hapo."

Jioni, nyumbani, nimelikuta daftari mezani limefunguliwa. Chini ya mwandiko wangu kuna wake: kulabu mbili ndani ya hema za kutundika khanga. Mto wangu mwenyewe, si ule wa wageni. Kamba ya kitanda upande wa kulia imelegea, ivutwe. Muulize mlinzi kama Oktoba, kabla ya vuli, kuna nafasi.